Konokono asiyebanduka: kutoka miamba ya Mombasa hadi mawe ya mto wa Manyatta

JE, umewahi kushindwa nguvu na konokono?

Usicheke. Mpwa wangu, mvulana wa gredi ya 7 anayesoma Manyatta, Kaunti ya Embu, alishindwa mchana kweupe mbele ya wenzake. Shule yao ilikuwa imewapeleka Mombasa kuona bahari kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa yamekupwa na miamba imeachwa wazi. Juu ya mwamba mmoja akaona kitu kidogo kilichofanana na kofia ya mzee, rangi ya kijivu, kipana kama sarafu ya shilingi 20. Akakigusa kwa kidole. Kikajibana. Akakivuta kwa vidole viwili, kisha kwa mkono mzima, kisha akaita rafiki yake amsaidie. Kofia ile haikusogea hata unywele mmoja.

Tulipokutana kwa nyanya yake mwezi wa Disemba, swali lilikuwa bado linamsumbua. "Anko," akaniuliza kabla hata sijaweka mkoba chini, "kile kidudu kimegandishwa na nini?"

Nilimwahidi jibu. Leo nalitoa hapa gazetini, kwa sababu naamini si yeye peke yake mwenye swali hilo. Tena katika kulitafuta jibu, tulijikuta tumeinama mtoni pale Manyatta, mamia ya kilomita kutoka baharini, tukiangalia jambo ambalo liliihusu familia yetu moja kwa moja.

NI NANI HUYU?

Kiumbe huyu ni konokono, ingawa hana lile gamba la kujizungusha ambalo sote tumezoea kuliona bustanini baada ya mvua. Gamba lake ni pia moja tu iliyofunikwa juu yake kama kofia au kawa la kufunikia chakula. Kwa ajili ya mazungumzo yetu ya leo, tumwite konokono-kofia.

Ukimgeuza juu chini (jambo ambalo, kama alivyoona mpwa wangu, si rahisi) utaona mguu mmoja mpana wa mviringo uliojaa nafasi karibu yote ya chini. Mbele yake kuna kichwa chenye pembe mbili laini za kupapasia, na mdomo. Kati ya mguu na gamba kuna msuli wenye umbo la kwato la farasi. Msuli huo ukikaza, gamba huvutwa chini hadi ukingo wake ukakutana na mwamba pande zote.

Duniani kuna aina nyingi za konokono hawa. Katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki wapo wale ambao wataalamu huwaita Cellana, wanaopumua kwa mashavu kama samaki. Wapo pia Siphonaria, wanaofanana nao sana kwa sura lakini wana pafu dogo la kuvutia hewa maji yanapokupwa. Ajabu ni kwamba makundi haya mawili si ndugu wa karibu. Kila moja lilifikia umbo la kofia kwa njia yake, kwa sababu maisha ya mwambani yanadai umbo hilo.

Na maisha hayo si ya mchezo. Mkazi wa pwani anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo Mombasa huzidi mita 3. Maana yake ni kwamba konokono huyu asubuhi hupigwa na mawimbi, na mchana hubaki kwenye jiwe kavu chini ya jua la ikweta, lenye joto la kuchoma nyayo. Kaa wanamtaka, pweza wanamtaka, ndege na samaki nao wanamtaka. Hana miguu ya kukimbilia, hana sumu, hana miiba. Silaha yake ni moja tu: kushika.

ANASHIKA KWA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba hufyonza mwamba kama vile glasi inavyojinata mezani. Jibu hilo lina ukweli, lakini si wote. Uchunguzi umeonyesha kwamba konokono hawa hutumia mbinu mbili. Maji yakiwa yamejaa nao wakitembeatembea kutafuta chakula, hutegemea zaidi kufyonza, kwa kuwa njia hiyo humruhusu mtu kusogea na kushika tena. Maji yakikupwa nao wakatulia, ute wanaoutoa chini ya mguu hugeuka kuwa gundi nzito.

Sasa wafahamu kosa la mpwa wangu. Alimgusa kwanza kwa kidole, na kwa kufanya hivyo akampigia hodi. Konokono akakaza msuli, akabana gamba, na baada ya hapo nguvu za watoto wawili zikawa bure.

Lakini usije ukaenda pwani ukajaribu kumshtukiza kwa kisu, msomaji wangu. Anayebanduliwa kwa nguvu mara nyingi huumia mguu, na kwake yeye mguu ukiumia ndiyo mwisho wa maisha.

MWENDA TEZI NA OMO

Wahenga wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Yaani baharia azunguke chomboni mbele na nyuma, mwishowe atarudi pale ndani anapokaa. Methali hiyo ingeweza kutungwa kwa ajili ya konokono-kofia.

Wengi wao wana makao maalumu. Huondoka pale, wakaenda kula umbali wa makumi ya sentimita na wakati mwingine zaidi ya mita moja, kisha wakarudi mahali pale pale, wakajigeuza hadi wakakaa vile vile walivyokuwa wamekaa. Jambo hili si geni kwa wasomi. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba konokono hawa huacha mahali pao kwenda kutafuta chakula.

Kwa nini wajisumbue kurudi? Kwa sababu mwamba si bapa. Una mabonde na vilima vidogo, na gamba lisipoukaa mwamba sawasawa litaacha upenyo. Upenyo huo utapitisha hewa, unyevu utatoka, na konokono atakauka. Kwa hivyo kila mmoja hukaa mahali pamoja na kujisaga taratibu. Kama mwamba ni laini, mwamba ndio unaolika na kubaki na alama ya duara. Kama mwamba ni mgumu, ukingo wa gamba ndio unaolika hadi ulingane nao. Mwishowe gamba hilo huwa kama ufunguo na alama ile kama kitasa chake. Ufunguo huo haufungui mlango mwingine.

Njia ya kurudi wanaijuaje, na macho yao ni hafifu? Wanapotembea huacha mstari wa ute, na wakati wa kurudi huufuata. Tena ute huo si barabara tu. Watafiti waligundua kwamba baadhi ya konokono wenye makao huacha ute unaostawisha vimelea vidogo vya kijani ambavyo ndivyo chakula chao. Yaani anayekwenda kazini anapanda mbegu njiani, ili siku ya pili apite akivuna.

MENO YA CHUMA

Chakula chenyewe huwezi kukiona kwa urahisi. Ni utando mwembamba wa mimea midogo sana unaofunika mwamba, pamoja na machipukizi ya mwani. Kuupata, konokono hutumia ulimi mrefu wenye safu nyingi za meno, uliokunjwa ndani ya mwili wake. Katika ile aina inayopatikana kwa wingi Uingereza, ulimi huo ni mrefu kuliko gamba lenyewe, na una meno zaidi ya 1,000. Ya mbele yakilika kwa kukwaruza jiwe, ya nyuma husogea kuchukua nafasi yake.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Profesa Asa Barber wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walitangaza matokeo yaliyowashangaza wengi. Walipima meno hayo, ambayo kila moja halifiki milimita 1, wakakuta ndicho kitu chenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa katika viumbe hai. Kabla ya hapo sifa hiyo ilikuwa ya uzi wa buibui. Siri yake ni nyuzi nyembamba mno za madini ya chuma yanayoitwa gothaiti, zilizopangwa ndani ya kitu laini zaidi kinachozishikanisha. Ukipiga hesabu, uzi wa kitu hicho wenye unene wa tambi moja ya spageti ungeweza kuning'iniza uzito wa zaidi ya tani 1, yaani gari dogo zima.

Mpwa wangu aliposikia haya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa ninashindana na fundi wa chuma!"

MCHUNGAJI WA MWAMBA

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Je, konokono hawa wakiondoka, nani atajua?

Katika miaka ya 1940, katika Kisiwa cha Man kilicho kati ya Uingereza na Ireland, wataalamu waliwaondoa konokono-kofia wote kwenye ukanda wa mwamba wenye upana wa mita 10. Baada ya muda mfupi mwamba uliokuwa mtupu ukawa kijani kwa mwani mwororo, na baadaye ukafunikwa na mwani mkubwa wa hudhurungi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mwamba ule ulikuwa mtupu kwa sababu ulikuwa ukilishwa kila siku, kama vile uwanja wa kijiji unavyobaki mfupi nyasi kwa sababu mbuzi hupita.

Kisha ukaja mkasa uliorudia jaribio hilo kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, ikiwa na karibu tani 119,000 za mafuta ghafi. Katika jitihada za kusafisha fuo, watu walimwaga maelfu ya tani za sabuni kali za viwandani. Sabuni hizo zikaua konokono wa mwambani wengi kuliko mafuta yenyewe. Kwa kuwa hapakuwa na mlaji, miamba ikafunikwa na mwani mzito. Konokono wachanga waliokuja baadaye wakapata chakula tele, wakazaana kupita kiasi, wakaumaliza mwani wote, kisha wakaanza kuhamahama na kufa kwa njaa. Katika sehemu zilizomwagiwa sabuni nyingi zaidi, ilichukua miaka kati ya 10 na 15 kwa mizani ya maisha kurudi ilivyokuwa.

Bahari yetu ya Hindi nayo haikuepuka misiba ya aina hii. Mwaka 2020 meli Wakashio ilikwama kwenye tumbawe la Mauritius na kumwaga karibu tani 1,000 za mafuta. Kwa sisi tulio na bandari kubwa Mombasa na Dar es Salaam, hilo ni la kukumbuka.

Uharibifu mwingine huja kwa kijiko na sahani. Katika visiwa vya Azores na Hawaii konokono-kofia ni kitoweo kinachopendwa. Huko Azores walivunwa kupita kiasi hata miaka ya 1980 uvuvi wao ukaporomoka, na serikali ikalazimika kuweka sheria za kuwalinda. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba hukomba kibaba pia.

JOTO LINAPOZIDI

Hata pasipo mkono wa mtu, mwambani hakuna raha. Huko Hong Kong, ambako baadhi ya aina za Cellana huishi, watafiti waliona kwamba siku za joto kali konokono hufanya jambo linaloonekana la kijinga: huinua gamba lake kidogo na kuacha upenyo, kama anayefungua dirisha. Maji yaliyo chini ya gamba huyeyuka kuwa mvuke na kumpoza. Lakini maji hayo yana kikomo. Joto likidumu, wengi hufa. Ndiyo sababu wanasayansi wanaofuatilia ongezeko la joto duniani huwatazama sana konokono hawa, kwa kuwa tayari wanaishi karibu na mwisho wa uvumilivu wao.

Uzazi wao nao una maajabu. Wengi humwaga mayai na mbegu za kiume majini, na watoto huelea siku kadhaa kabla ya kutua mwambani. Ile aina ya Uingereza huanza maisha ikiwa dume, na wengi wao hugeuka kuwa jike wakikua. Siphonaria kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja.

NDUGU WA MTONI

Sasa turudi Manyatta. Nilipokuwa nikimweleza mpwa wangu haya, nyanya yake alikuwa akimenya nduma na kusikiliza. Mwishowe akasema kwamba yeye hajaona bahari, lakini vikofia vya namna hiyo, vidogo kama dengu, alikuwa akiviona kwenye mawe ya mtoni alipokuwa msichana wa kuteka maji.

"Cucu, tunaweza kuviona?" kijana akauliza.

"Nendeni mtazame. Mimi macho yangu yamechoka."

Cucu hakukosea. Katika mito na vijito vya Afrika Mashariki kuna konokono-kofia wa maji baridi, ambao wataalamu huwaita Burnupia na Ferrissia. Ni wadogo sana, milimita chache tu, na ncha ya gamba lao imeinama nyuma. Kwa ukoo hawa hawako karibu na wale wa mwambani Mombasa. Wako karibu zaidi na konokono wa madimbwini. Wazee wao walikuwa na pafu, lakini wao wameliacha na sasa hupata hewa kupitia ngozi na kijinyama kidogo kinachofanya kazi ya shavu. Kila mmoja ni dume na jike, na hutaga mayai kwenye vifuko vidogo vinavyonata juu ya jiwe.

Lakini kazi ni ile ile: kushika jiwe na kukwaruza utando wa kijani. Na umbo la kofia lina faida kubwa mtoni. Maji yanayopita kasi juu ya jiwe hupungua kasi sana pale yanapogusa jiwe lenyewe, kwa msuguano. Kiumbe aliye bapa na mfupi hukaa ndani ya tabaka hilo tulivu, na mkondo mkali unampita kichwani.

Tulianza kutafuta juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, mahali ambapo kijito bado kina miti pande zote na maji ni baridi ya kuuma mifupa. Tulinyanyua mawe taratibu, tukatazama, tukayarudisha yalivyokuwa. Katika jiwe la tano mpwa wangu akapiga kelele. Walikuwa wawili, rangi ya chai isiyo na maziwa, wameshika kama waliopigiliwa misumari.

Kisha tukashuka kufuata maji hadi penye mashamba. Mawe ya huko yalikuwa yamefunikwa matope laini ya rangi ya kahawia, na juu ya matope kukawa na utelezi wa kijani. Tulinyanyua mawe mengi. Hatukumpata hata mmoja.

JE, MAJI HAYA NI SAFI?

Nakiri kwamba matembezi ya alasiri moja si utafiti. Hata hivyo sababu yake si fumbo. Konokono-kofia anahitaji jiwe gumu na safi la kushika. Udongo ukimiminika kutoka shambani na kutanda juu ya jiwe, mguu wake hauna pa kukamata, na chakula chake kimefukiwa. Mbolea ikiingia majini, kijani huota kuliko anavyoweza kula.

Wataalamu wa mito hutumia wanyama wadogo kama vipimo. Afrika Kusini ina mfumo wa namna hiyo uliotengenezwa miaka ya 1990, na Tanzania ikautohoa kwa mito yake. Kila jamii ya wanyama hupewa alama, kuanzia 1 kwa wanaovumilia uchafu kama minyoo ya matope, hadi 15 kwa wale wanaodai maji safi kabisa. Konokono-kofia wa mtoni amepewa 6. Yaani yuko katikati: si mteule anayekufa kwa uchafu kidogo, wala si mzoefu wa mitaro.

Hapa ndipo inabidi nimsahihishe mpwa wangu, ambaye alikwisha kuinama anywe. La hasha! Kuwapo kwa konokono huyu hakumaanishi kwamba maji yanafaa kunywewa. Vidudu vya homa ya matumbo na kuhara havionekani kwa macho, na konokono havimsumbui. Maji ya mto yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yanang'aa kama kioo.

Vile vile usichanganye konokono huyu na yule anayebeba kichocho cha tumbo. Huyo huitwa Biomphalaria, na gamba lake limejizungusha kama kamba iliyokunjwa. Yeye hupenda maji yaliyotulia na mifereji, kama ile ya mashamba ya mpunga ya Mwea, Kirinyaga, yaliyoanzishwa miaka ya 1950. Mayai ya mdudu wa kichocho hicho huingia majini pamoja na kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa, humwingia konokono, kisha hutoka kwa umbo jingine na kupenya ngozi ya anayeoga au kulima ndani ya maji. Tiba ipo, nayo ni prazikwanteli, lakini choo ndicho kinga.

Udongo tulioukuta juu ya mawe nao hauishii pale. Maji ya Rupingazi, mto unaopita Embu, huingia Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu lililokamilika mwaka 1974, mojawapo ya mabwawa ya Mto Tana yanayotupatia umeme. Kila kiganja cha udongo kinachoondoka Manyatta ni hasara ya mkulima leo, na kesho ni mzigo ndani ya bwawa.

"KARO UTALIPA NA KONOKONO?"

Jioni ile kijana alimweleza nyanya yake tuliyoyaona. Kisha akatamka lile ambalo mimi nilikuwa nimelikwepa: kwamba shamba letu wenyewe limelimwa hadi ukingoni mwa maji. Maharagwe yetu yako hatua 3 kutoka kwenye mto, na nduma zimo karibu ndani yake.

Mama alimtazama kwa muda. "Hizo nduma ndizo zilizonunua viatu ulivyovivaa Mombasa," akasema. "Au karo utalipa na konokono?"

Kijana hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Swali la mama ni la maelfu ya familia katika miteremko hii ya majani chai na kahawa, ambako ardhi imegawanywa kwa watoto hadi ikabaki vipande, na ukingo wa mto ndio wenye rutuba na unyevu hata kiangazi. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilieleza kwamba ukanda wa kuachwa kando ya mto ulingane na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Lakini mwenye kipande cha robo ekari akiambiwa aache mita 6, anaambiwa aache sahani ya chakula.

Hata hivyo kuna hatua zisizoumiza sana. Mabingobingo yakipandwa kama ukuta kati ya shamba na mto hukamata udongo, tena ni lishe ya ng'ombe. Makinga maji yakichimbwa kukingama mteremko, mvua haishuki na mbolea. Miti ya asili hushika ukingo pasipo kunyonya maji kama mikaratusi. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshewe mtoni. Na maji ya kuoshea kahawa yaelekezwe shimoni kwanza.

Mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipokuwa zimeshika, mama alinipigia simu kuhusu mambo mengine. Karibu na mwisho akasema, kama asemaye jambo dogo, kwamba amesogeza maharagwe juu na kupanda mabingobingo safu mbili pale chini. Nduma amezibakiza. "Mwambie yule mwalimu wako wa konokono," akasema, "kwamba nduma sing'oi."

Nilimwambia. Akafurahi, akaanza kuhesabu miezi. Sasa kila likizo hunyanyua mawe yale yale chini ya shamba la cucu, akatazama, akayarudisha kama yalivyokuwa. Kufikia sasa hajampata konokono. Amepata mawe mawili yasiyo na matope.

Nawe msomaji, siku utakapokwenda pwani, tazama saa za maji kupwa, vaa viatu vya kukinga nyayo, na usimpe bahari mgongo. Mkute konokono-kofia mwambani, mpigie hodi kwa kidole uone anavyojibana, halafu mwache kwake. Na kama hakuna safari ya pwani mwaka huu, nenda kwenye kijito kilicho karibu nanyi, unyanyue jiwe moja pamoja na wanao. Ukikuta matope matupu, usiishie kuuliza konokono amekwenda wapi. Inua macho utazame mteremko ulio juu yake, na uulize shamba hilo ni la nani.